Kifaransa cha Marehemu Mathurin

"Péronne, tangu lini marehemu mumeo amehamia London?"

Aliyeuliza ni Ozanne Le Quesne, jirani yake wa ghorofa ya juu. Ilikuwa siku ya kufua, nasi wanawake tulikuwa kisimani na ndoo zetu. Tulicheka, maana Ozanne alikuwa mtu wa mizaha, hata msibani ilibidi akalishwe mbali na wafiwa. Lakini tulipomtazama vizuri kicheko kilitukauka. Yeye hakuwa anacheka, na aproni yake ilikuwa imelowa supu.

"Nilikuwa nashuka ngazi na chungu cha supu," akasema. "Kabla sijafika mlangoni kwako, nasikia mwanamume ndani anasema, 'Haya, haya, nani tena kahamisha mkasi wangu?' Kwa Kifaransa! Kwa lafudhi yetu ile ya Rouen! Shoga, chungu kikaniponyoka. Nenda ukaangalie, kabichi bado ziko kwenye ngazi."

"Yaani kilichokushtua ni lafudhi," mmoja wetu akasema, "wala si mwanamume kuwa ndani kwa mjane?"

"Nyamaza wewe. Mimi nimekaa ukuta mmoja na Mathurin Hauduroy kule Rouen. Mkasi wake ukihama tulikuwa tunajua mtaa mzima. Péronne, usinifiche. Yule ni nani?"

Péronne aliweka ndoo yake chini. Hakuwa mtu wa kujibu haraka.

"Sauti si yake," akasema. "Maneno ndiyo yake."

Kisha akajitwika ndoo akaenda zake.

Nimeombwa niandike habari za Péronne Hauduroy kwa ajili ya wale wanaomkumbuka tu kama bibi wa kola aliyekuwa akikaa benchi la nyuma kanisani kwetu, kanisa la Wafaransa. Nitaandika nilivyoona, na yale aliyoniambia mwenyewe, maana tulikaa uchochoro mmoja, nyuma ya lango la Aldersgate, na Bwana alitupa miaka mingi ya ujirani.

Kazi yake ilikuwa kutia wanga kola za mikunjo, zile kubwa zinazozunguka shingo kama sahani. Ukitazama kola imesimama shingoni kwa bwana fulani unaona fahari tu, huoni mwanamke aliyeungua vidole. Alipika wanga mpaka ukawa laini kama uji wa mtoto, akachovya kitambaa, akakikamua, akakipiga makofi mpaka wanga ukaacha kuziba nyuzi zake, halafu akachukua vijiti vya chuma vilivyokuwa motoni, akasimamisha mikunjo mmoja baada ya mwingine. Kijiti kikiwa cha moto mno kitambaa kinaungua. Kikipoa, mkunjo unalala. Yeye alikisogeza karibu na shavu lake kwanza, ndipo akajua.

Wahubiri wa Kiingereza walikuwa wakisema wanga ni uji wa shetani, wa kulisha kiburi. Vijana wanafunzi wa ufundi wa pale mtaani, ambao hawakutupenda sisi wageni, walikuwa wakimpigia kelele, "Mtu wa wanga huyo! Mwanga huyo!"

"Ningekuwa mwanga," aliwajibu, "ningeshawageuza kuku siku nyingi, Jumapili tungekula nyama."

Basi kuna jambo moja ambalo kila mtu wa uchochoro alilijua, ila hakuna aliyelieleza. Kwa Péronne hapakupigwa hodi. Mlango wake ulikaa wazi mchana kutwa, hata theluji ikiingia ndani na kuzimisha makaa. Ukija, uliingia tu. Kama siku hiyo upepo umeufunga mlango nawe ukabisha, hakuitika. Alikuwa ndani, ungeweza kumsikia anapumua, lakini hakuitika wala hakuja. Ilibidi uende dirishani umwite kwa jina, akuone uso. Watoto wetu tuliwafundisha hivyo kama tulivyowafundisha kusalimia.

Jerome Wadlow hakufundishwa. Yeye alikuwa mtungaji wa michezo ya jukwaani kule Shoreditch, mtu wa miaka thelathini hivi, mwenye wino mpaka masikioni, na wenzake walimtuma alete kola za wachezaji zitiwe wanga. Akakuta upepo umeufunga mlango. Akabisha. Mvua ilikuwa inanyesha. Akabisha tena, akabisha sana, mpaka mimi nikatoka.

"Baba, hapo habishi mtu," nikamwambia. "Nenda dirishani."

"Amekufa?"

"Hajafa. Nenda dirishani."

Alipoingia alikuwa amelowa kama paka, kola zote zimeshika tope. Mtu mwingine angetukana. Yeye alitazama ule mlango, akamtazama Péronne, na hakuuliza. Huo ulikuwa uungwana wake wa kwanza. Aliuliza jambo jingine.

"Mama, wewe ni Mfaransa kweli?"

"Kama hilo ni kosa, lilifanyika zamani."

"Nifundishe Kifaransa."

Péronne akamwambia yuko mwalimu mzuri karibu na uwanja wa kanisa la Paulo, anafundisha watoto wa mabwana. Wadlow akatikisa kichwa, maji yakaruka.

"Yule anafundisha namna ya kumsalimu balozi. Mimi balozi nimpeleke wapi? Nataka namna mtu anavyomgombeza mkewe. Namna anavyoomba chumvi. Hadithi nzuri zote zimefungiwa ndani ya lugha yenu, Mama, na shuleni kwetu tulichapwa viboko vya Kilatini tu. Tena tunatunga mchezo wa vita vya Ufaransa. Nimeandika Wafaransa wangu, wote wanabweka."

Hapo Péronne alicheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka hivyo. Akamwambia akae kwenye kiti kile asiguse kitu.

Ndivyo ilivyoanza. Alipoleta kola alikaa kumngojea, na alipokuwa akingoja alijifunza. Péronne hakuwa na kitabu cha kufundishia ila zaburi zetu, nazo alizisoma kwa shida. Kwa hiyo alifundisha kwa kusema. Alikuwa akisimamisha mikunjo, mgongo umemwelekea, anasema neno, Wadlow analirudia. Mtu akitaka chumvi anasema hivi. Akichelewa kula anasema hivi. Akipoteza kitu, akichoka, akimtania mkewe kwamba mkate umeungua kama mji wa Sodoma, anasema hivi.

Na Wadlow alijua kweli! Siku moja alialikwa nyumbani kwa bwana mmoja mkubwa, na pale palikuwa na Wafaransa wa heshima kutoka Paris. Akajitosa. Alirudi kwa Péronne amevimba.

"Mama, umeniaibisha! Nimesema habari za mbwa, meza nzima ikaanguka kwa kicheko. Mmoja akaniuliza kama nimefundishwa na muuza samaki."

"Ulisemaje mbwa?"

Akasema. Sasa, watu wa Paris wana neno linaloanza na "sh" laini, nasi watu wa Rouen pale pale tunatia "k" ngumu. Wadlow alikuwa ametia "k" ngumu kabisa, ya gatini.

"Umesema sawasawa," Péronne akamwambia. "Wao ndio hawajui kumwita mbwa. Mwite kwao na mwite kwetu, tuone atakuja kwa nani."

Tulicheka wote. Lakini ndani ya kicheko hicho mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika, na Péronne mwenyewe alikuwa hajaona. Mwanamume anasemaje akipoteza mkasi? Péronne alimjua mwanamume mmoja tu aliyepoteza mkasi mbele yake. Mathurin alikuwa mtengeneza vitana vya pembe, mwenye haraka, kila sentensi aliianza na "haya, haya." Utani wa Sodoma ulikuwa wake. Wadlow alipotaka maneno ya mwanamume, Péronne alichota kwenye kisima pekee alichokuwa nacho. Yule kijana alikuwa na sikio kama nta, kila kilichowekwa kiliacha alama. Akachukua na "haya, haya," akachukua na namna ya kuvuta pumzi kabla ya kugomba. Hakujua anamchukua mtu.

Ozanne ndiye aliyejua, pale ngazini, kabichi zikiwa miguuni.

Baada ya lile swali la kisimani nilidhani Péronne atamfukuza. Hakumfukuza. Ila nilianza kumwona anafanya kitu kilichonitia baridi. Wadlow akiwa anazungumza nyuma yake, yeye alikuwa akifumba macho. Vijiti vinapoa mkononi, mikunjo inalala, naye amesimama, kichwa kimeinama upande, anasikiliza. Mara moja aliitika. Wadlow alisema tu, "Haya, haya, leo tunakula nini?" kwa kujizoeza, naye akaitika bila kugeuka, "Dagaa, na uoshe mikono." Kisha akagundua. Akakaa chini polepole kama mtu aliyezeeka pale pale.

Nilimwambia, "Dada, mwambie asije tena."

"Akiacha kuja," akasema, "atakufa mara ya pili."

Nilimwombea tu.

Halafu ikafika ile siku. Wadlow alikuwa na furaha, mchezo wake umefika penye kijiji cha Kifaransa, mtu yuko nje, watu wamejifungia. Akauliza kama anavyouliza kila siku:

"Mama, mtu akiwa nje ya mlango, anataka afunguliwe, anasema nini?"

Tulisikia harufu ya kitambaa kuungua. Kijiti kilikuwa kimelala juu ya kola, na kola inatoa moshi, na Péronne anaitazama kama ni ya mtu mwingine. Wadlow akaruka akakiondoa, akaungua yeye.

"Inategemea," Péronne akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Hilo ndilo lililotisha. "Mtu wako mmoja wa nyumbani, mke, mtoto, unamwambia 'ouvre', fungua. Mgeni, au mtu wa heshima, unamwambia 'ouvrez', fungueni, hata kama yuko peke yake. Unamfanya kama ni wengi."

"Na Mungu je?"

"Mungu sisi tunamwambia kama wa nyumbani. Watu wa misa wanamwambia fungueni."

"Na mume?" akauliza. "Mume anamwambia mkewe nini?"

Péronne alitazama mlango uliokuwa wazi, na uchochoro nje, na mvua.

"Fungua," akasema. "Miaka yote ya ndoa, fungua. Siku ile moja, fungueni."

Basi akatueleza, na mimi naandika kama alivyosema, bila kuongeza. Ilikuwa mwaka ule wa mauaji, Wakatoliki, wale watu wa misa, walipotuua sisi Waprotestanti; sisi tunauita mwaka wa sabini na mbili tu, hatutaji zaidi. Rouen ilichelewa kidogo kuliko Paris, watu wakadhani imepita. Siku ya pili ya mauaji, asubuhi, wakati wa mkate kutoka tanurini, Mathurin alikuwa ametoka kumtafuta nduguye. Péronne alikuwa amefunga komeo, yuko ndani na mama mkwe wake. Mtaani walikwisha kusikia kwamba wauaji wanawashika watu, wanawasukuma mbele mpaka kwenye milango ya jamaa zao, wanawalazimisha waite. Mlango ukifunguliwa, wanaingia wote.

Akasikia hatua. Akasikia mtu amesimama, anahema, karibu sana na tundu la ufunguo. Kisha sauti ya Mathurin: "Fungueni."

Hakusema haya, haya. Hakusema jina lake. Fungueni, kama mtu anayebisha kwa hakimu.

"Nilikuwa nimekwisha kushika komeo," Péronne akasema. "Mkono ulikuwa juu yake. Nikajiuliza, mbona ananiita kama simjui? Na nilipokuwa bado najiuliza, akanyamaza. Sikusikia ukelele wala kitu. Jioni nilipofungua hakukuwa na mtu. Jiwe la kizingiti lilikuwa limeoshwa, lina maji bado. Sijui nani aliliosha. Wengine walitupwa mtoni. Sikumpata."

Wadlow hakuandika neno. Alikuwa amekishika kidole chake kilichoungua.

"Alikuwa anakuonya," akasema mwisho. "Mama, mimi kazi yangu ni maneno ya watu. Mtu mwenye kisu mgongoni hatafuti adabu. Kama alibadilisha, alibadilisha makusudi. Alikwambia kwa neno lile usifungue. Alikuokoa."

"Nimejiambia hivyo."

"Basi?"

"Basi labda hapakuwa na kisu. Labda alikuwa peke yake, anakimbizwa, na hofu ilimchukua ulimi, akaniambia vile mtu anavyomwomba mtu baki. Labda aliniomba, Bwana Wadlow. Aliniomba kama mgeni, nami nikamfungia kama mgeni."

Ozanne, aliyekuwa ameingia na kusimama nyuma yetu, akasema kwa upole usio wake, "Shoga, mlikuwa wawili mle ndani. Wewe na mama yake. Watu wawili mtu anawaambiaje? Si fungueni? Hapo hakuna fumbo."

"Mama yake alikuwa kiziwi, Ozanne. Unajua. Hakuna aliyemwita mama yule mlangoni maisha yake yote."

"Mtu akiogopa anamwita mama hata kama ni kiziwi."

Majibu yalikuwa matatu, kila moja linaingia kwenye lile neno kama mkono kwenye glavu, na aliyelisema hayupo wa kuulizwa. Nilielewa siku hiyo kwa nini hakuitika watu wakibisha. Watu walidhani anaogopa wauaji. Kumbe kila aliyebisha, katika miaka yote ile, alimrudisha pale, mkono uko juu ya komeo na hajui.

Wadlow aliporudi alimletea habari kwamba amelitoa lile jambo la mlango kwenye mchezo wake. Ameweka mahali pake ugomvi wa mbuzi. Péronne akamshukuru. Masomo yakaendelea, lakini sasa walizungumza tu, kama watu wawili, na Kifaransa chake kikawa kimekamilika, cha Rouen, cha mtaa wa vitana, cha mtu mmoja. Nadhani hakuna mtungaji mwingine London aliyekuwa na lugha kama hiyo. Alisoma zile hadithi zake alizokuwa akizitaka, na nasikia aliziigiza vizuri. Mimi sikwenda. Kanisa letu halikupenda michezo ya jukwaani, na wazee walimwita Péronne mara mbili wamuulize habari za yule mtu. Aliwaambia anamfundisha zaburi. Haikuwa uongo. Ile ya hamsini na moja yule kijana aliijua yote.

Kiangazi kilichofuata tauni ilishika mji. Majumba ya michezo yakafungwa, na kundi lake likaamua kwenda mikoani kuigiza vijijini mpaka Mungu atakapoondoa mkono wake. Wadlow alikuja kuaga. Alikuwa amevaa nguo za safari, na akaaga kwa Kifaransa, na kwa kuwa alikuwa na huzuni hakuigiza chochote, akasema tu. "Haya, haya," akasema, "usilie, nitarudi kabla mkate haujaungua."

Ozanne alifunika uso wake kwa aproni.

Péronne hakuwa analia. Alikuwa amesimama wima kabisa, mikono ina wanga mpaka viwikoni, imeanza kukauka na kupasuka. Alimtazama muda mrefu, halafu akatazama mlango, na nadhani Ozanne alielewa kabla yangu, kwa sababu alimshika mkono.

"Usifanye hivyo, shoga. Mfalme Sauli alikwenda kwa yule mwanamke mwaguzi wa Endori, akamwinulia nabii Samweli kutoka kuzimu, na unajua ilimfikisha wapi. Imeandikwa. Wafu wako mikononi mwa Bwana, waache huko."

"Simwinui mtu," Péronne akasema. "Mathurin nimemwacha mikononi mwa Bwana. Aliyebaki mlangoni ni mimi."

Ozanne alinigeukia mimi, kana kwamba nitamsaidia kumkataza. Nilijua Maandiko kama yeye anavyoyajua. Hata hivyo nilisogea kando, njia ya mlangoni ikawa wazi. Wadlow alikuwa ameshaelewa pia.

"Mama," akasema, "sijui alimaanisha nini. Nikibisha mimi, bado hutajua."

"Najua sitajua," akasema. "Toka nje, Bwana Wadlow. Nitaufunga mlango na kutia komeo. Usiseme jina lako, wala usiseme lile neno la nyumbani. Subiri kidogo, halafu sema kama alivyosema yeye, 'fungueni,' na usiondoke mpaka nifungue."